Jarida la biashara lililofukuza nyota

Wandugu, yeyote aliyeandika TFC ao memwari yenye jedwali za hesabu anazijua zile nyota ndogo zinazokaa kando ya namba. Nyota moja, matokeo yanakubaliwa. Nyota tatu, direktere anatabasamu. Hakuna nyota, mwanafunzi anaanza kutoka jasho. Basi kuna jarida moja kubwa la kisayansi lililoamua kwamba halitaki tena kuziona, na si jarida la mashamba: ni la biashara ya kimataifa.

Linaitwa Journal of International Business Studies, kwa kifupi JIBS. Lilianza 1970, na ni jarida la Academy of International Business, chama cha walimu na watafiti wa biashara inayovuka mipaka. Wale wa ekonomi wamekula matunda yake hata kama hawajawahi kulifungua. Mwaka 1977, kwa mfano, Wasweden wawili, Jan Johanson na Jan-Erik Vahlne, walieleza humo namna kampuni inavyotoka nje ya nchi yake: inaanza karibu, kwa watu ambao inaelewa tabia zao, inajifunza, kiisha inasogeza mguu mwingine. Makala ile inafundishwa mpaka leo (na haikuhitaji nyota hata moja).

Mwaka 2017 jarida likatoa tahariri ya Klaus Meyer, Arjen van Witteloostuijn na Sjoerd Beugelsdijk. Walikuwa wamechukua majaribio ya hesabu yaliyotoka mwaka 2016 katika JIBS na majarida mengine mawili makubwa, wakaangalia namba p zake. Wakakuta namba nyingi zimejirundika chini kidogo ya 0.05, kupita vile mtu angetegemea. Sasa, dunia haijui 0.05. Kampuni ya Japani inayofungua duka Brazili haijui 0.05. Kama matokeo yanapenda kukaa palepale, kuna mkono wa mtu.

Tuseme wazi p ni nini, juu hata kwa defanse wengi wanaichanganya. Inajibu swali moja tu: kama mbolea haikufanya kitu kabisa, ingekuwa rahisi kiasi gani kupata kwa bahati tofauti kubwa namna hii, ao kuipita? Ukipata 0.05, ni mara 5 kwa 100. Haisemi kwamba mbolea inafanya kazi kwa asilimia 95. Haisemi pia kama faida ni kubwa ao ni ya kuchekesha.

Na mpaka huo wa 0.05 ulitoka wapi? Kwetu, wana-agronomia! Ronald Fisher aliingia kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, mwaka 1919. Kitabu chake cha hesabu kwa watafiti kilitoka 1925, na humo alipendekeza moja kwa ishirini kama mpaka unaofaa kutumia. Unaofaa tu, haikuwa sheria ya Musa. Namba ikatoka shambani, ikaenda kwa madaktari, kwa wanasaikolojia, ikafika mpaka kwa watu wa biashara, na njiani ikageuka mlango: huku umepita, kule umeanguka.

Tuchukue mfano wa kubuni. Aina ya kwanza ya mihogo inaongeza kilo 200 kwa hekta, p ni 0.03, juu ilijaribiwa kwa vipande vingi vya shamba. Aina ya pili inaongeza tani 3, lakini vipande vilikuwa vichache na p ikatoka 0.07. Kwa jedwali la nyota, ya kwanza njo imeshinda, ya pili inaandikwa "hakuna tofauti" na inasahauliwa. Muulize mama anayelima kule Walungu kama kilo 200 kwa hekta nzima zitamfanya abadilishe mbegu. Ile ya pili ilistahili kurudiwa msimu mwingine kwa vipande vingi zaidi, si kutupwa.

Hapo njo kishawishi kinaingia. Kipande kimoja kinatolewa, eti mbuzi alikula. Jaribio la hesabu linabadilishwa mpaka nyota itokee. Kwa wenzetu wa biashara ni vilevile: nchi moja inatolewa, mwaka mmoja unaongezwa. Wengi hawafikiri wanadanganya, wanafikiri wanasafisha data.

JIBS sasa inaomba mwandishi aandike p yenyewe ilivyo, aeleze ukubwa wa matokeo kwa maneno ya kazi, aonyeshe ukingo wa chini na wa juu ambamo jibu linaweza kukaa, na asifiche dhana ambazo hazikuthibitishwa. Mimi sioni kama kufuta nyota kunatosha, macho ya mtu yatatafuta 0.05 tu. Lakini ukilazimishwa kuandika "tani 3, labda kati ya 0 na 6", huwezi tena kujificha.

Kwa anayeandika mwaka huu: fungua safu moja ya tofauti katika tani ao kilo, moja ya kingo zake, moja ya p kamili. Andika vipande vyote ulivyopanda, hata kile cha mbuzi, na useme kwa nini ulikitoa. Kama jury inadai nyota, ziweke chini ya jedwali, lakini zile safu tatu zibaki.