Kima, Papa na Masomo ya Wiki Nzima

Mwalimu anayetafuta hadithi ya kusomesha wiki nzima hana haja ya kununua kitabu cha gharama. Hapa Unguja tumekua na ya Kima na Papa. Kima yuko juu ya mkuyu kando ya bahari, anamtupia papa makuyu, na urafiki unakolea. Siku moja papa anamkaribisha kwao na kumbeba mgongoni. Walipofika kati ya maji akamwambia ukweli: sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu kwamba wao wakitembea huiacha mioyo yao mtini, basi warudi wakauchukue. Akarudishwa, akapanda juu, hakushuka tena. Papa alipomwita, kima akamsimulia kisa cha punda wa dobi, aliyemponyoka simba mara ya kwanza, akadanganywa tena, akarudi kuliwa.

Edward Steere, mmishonari Mwingereza aliyefika Zanzibar mwaka 1864 na baadaye akawa askofu, aliipata hadithi hii kwa wasimulizi wa hapa na kuichapisha London mwaka 1870, katika kitabu chake cha Swahili Tales.

Nasomesha darasa la tatu. Siku ya mwanzo sisomi, nasimulia. Naita paukwa, wanaitikia pakawa, na hadithi inakwenda mpaka kati ya bahari. Hapo nanyamaza. Nawauliza: wewe ungekuwa kima, ungesemaje? Mmoja atamng'ata papa. Mwingine ataruka aogelee. Wapo watakaolia na kuomba wahurumiwe. Majibu yote naandika ubaoni, kisha tunayapima moja moja: papa angefanya nini? Wanagundua wenyewe kwamba mengi yanaishia tumboni mwa papa. Ndipo nawapa jibu la kima, na darasa zima linaona ujanja wake: hakubishana na papa, alimfanya papa ageuke kwa hiari yake.

Siku ya pili tunatoka nje. Mchangani nachora ufukwe upande mmoja, nchi ya papa upande wa pili. Watoto wawili wanakwenda hatua kwa hatua, na wenzao wanasema wasimame wapi papa aseme siri yake. Halafu nauliza swali ninalolipenda kuliko yote: kwa nini alisema pale? Angekaa kimya mpaka wafike, kima angekwisha. "Mwalimu, alimwonea haya rafiki yake," alisema mmoja. Mwenzake akakataa: "Alijua kima hana pa kukimbilia." Sikuamua baina yao. Niliwaambia kila mmoja aandike sentensi tatu za kutetea kauli yake, na insha ya kwanza ikaandikwa bila mtu kulalamika.

Sayansi inakuja yenyewe, kwa sababu mzizi wa hadithi ni moyo. Watoto wanashika kifundo cha mkono, wanahesabu mapigo kwa nusu dakika, wanazidisha mara mbili. Wanaruka kamba, wanahesabu tena. Aliyeusikia moyo wake ukienda mbio anaelewa uongo wa kima ulikuwa mkubwa kiasi gani. Mtoto mmoja aliuliza kama papa naye ana moyo. Anao. "Basi angejiuliza wake ameuacha wapi," akasema binti wa nyuma, na darasa likacheka.

Watatu au wanne huuliza kama kima huyo ni yule mwekundu wa msitu wa Jozani, yaani kima punju. Hapo tunapeleleza. Kima punju hula majani machanga na matunda mabichi. Matunda matamu yaliyoiva tumbo lake haliyawezi. Wa hadithi anakula makuyu kila siku na kumgawia rafiki. Ushahidi unamwelekea kima wa kawaida.

Kisha ramani. Hadithi hii ina ndugu India, katika kitabu cha visa cha Panchatantra, ambako papa ni mamba, mti ni mzambarau, na anayeutaka moyo ni mke wa mamba. Ibn al-Muqaffa aliiweka kwa Kiarabu katika Kalila wa Dimna, karne ya 8, na humo rafiki wa majini ni kobe. Watoto wanachora jedwali: mnyama, mti, mgonjwa. Nawauliza kwa nini sisi tulimweka papa na sultani. Mtoto anayemwona papa akipigwa mnada sokoni, na ambaye bibi yake anasimulia habari za masultani, hakosi jibu. Kazi ya nyumbani ni kuihamishia Kigoma au Dodoma: nani atakaa majini, na pasipo bahari iweje?

Ijumaa tunamalizia kwa baraza. Papa ameshitakiwa kwa kumsaliti rafiki, kima kwa kusema uongo. Mawakili wako pande zote, na kisa cha punda wa dobi kinaletwa kama ushahidi. Mwaka huu papa alipatikana na hatia, na kima akaachiwa kwa kauli moja.

Vitabu vya mazoezi vimejaa shughuli za aina nyingine: paka rangi picha ya kima, kima ana makuyu 12, akala 5, yamebaki mangapi? Hesabu hiyo unaweza kuifanya kwa maembe, na asiyeijua hadithi atapata vema. Nina kipimo kimoja tu: kama mtoto aliyekosa kuisikia hadithi anaweza kuimaliza shughuli, shughuli hiyo haifundishi hadithi.

Mwalimu mwenzangu, nawe mzazi, huna haja ya rangi wala karatasi za bei. Chukua hadithi uliyosimuliwa na bibi yako, tafuta pale inapokaza fundo, na hapo uwaachie watoto wahangaike kulifungua.