Jengo Kubwa la Shamba Lilijengewa Nani?



Mtu akitaka kujua shamba la zamani liliishi kwa kitu gani, na atazame jengo kubwa limejengewa nani. Kwetu visiwani jibu si gumu: mahali pazuri penye jua na upepo palitwaliwa na sakafu ya kuanikia karafuu, na karibu yake ghala. Uingereza jengo kubwa lilikuwa ghala la ngano. Liko moja huko Great Coxwell, lilijengwa na watawa mwishoni mwa karne ya 13, la mawe, urefu wake kiasi cha mita 46, na lasimama hata leo. Maghala mengi ya namna hiyo yalitiwa milango miwili inayoelekeana, ili upepo upite katikati watu wakipura na kupepeta. Mbele yake ua, na kuuzunguka ua mazizi ya ng'ombe na farasi.

Sasa twende Lufingo, karibu na Tukuyu, katika wilaya ya Rungwe, nchi ya Wanyakyusa. Huko mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na mgomba huzaa majira yote. Mwenye chakula kibichi shambani kila siku ana haja gani ya ghala la mita 46? Ghala dogo la ulezi lilimtosha. Mali yake ilikuwa ng'ombe, na jengo kubwa lilikuwa la ng'ombe. Naye mwenyewe alilala humo humo.

Nyumba hiyo ilikuwa ndefu, ya mianzi iliyosimamishwa wima na kukandikwa udongo kwa ndani, na paa la majani. Upande mmoja jiko na malazi ya watu. Upande wa pili ng'ombe, wametengwa kwa maboriti. Msomaji wetu huenda akaguna, kwani sisi ng'ombe twamfunga nje chini ya mti. Lakini usiku wa Rungwe ni wa baridi kali katika Juni na Julai, na zamani chui na wezi hawakuwa mbali. Moshi wa jiko nao uliikausha mianzi, wadudu wasiile upesi. Tena nyumba hizi zilikuwa safi: Joseph Thomson, Mskochi aliyepita nchi hiyo mwaka 1879, alizisifu sana pamoja na migomba yake.

Usafi huo ulikuwa na faida. Kila asubuhi samadi ilizolewa na kumwagwa migombani, hatua chache tu kutoka mlangoni. Ng'ombe alikula majani, mgomba ukala samadi, nyumba ikapata kivuli. Mkulima wa Kiingereza aliilundika samadi uani, kisha akaipakia garini kuipeleka makondeni. Huyu wa Lufingo hakuhitaji gari.

Lakini mianzi si mawe. Katika mvua ile nyumba haikai miaka mingi, na hakuna aliyetazamia ikae. Kilichokaa ni ujuzi, na ujuzi ulikaa kwa sababu ya desturi: wavulana wa rika moja, wangali wadogo, walitoka nyumbani kwa baba zao wakajijengea vibanda vyao kando, na kibanda kikawa kijiji chao walipokua. Kila kizazi kilijifunza kujenga kwa kujenga. Monica Wilson alieleza habari za vijiji hivyo katika kitabu chake cha mwaka 1951.

Wamisionari wa Moravian kutoka Ujerumani walifika Rungwe mwaka 1891, na baadaye tofali la kuchoma na bati vikaenea. Hapana wa kulaumiwa. Bati halivuji, na nani apendaye kuvujiwa? Ila vijana hawajengi tena vibanda vyao, na nyumba ndefu ya mianzi haikuacha hata gofu la kuonyesha mtoto. Sakafu zetu za kuanikia zilizopasuka angalau zaonekana, na fundi aweza kuziziba kabla ya msimu, karafuu zisilowe na kuchacha.

Siku hizi Rungwe ng'ombe wa maziwa ana banda lake nyuma ya nyumba ya tofali. Ukilitazama banda hilo, mara nyingi utaliona limejengwa palepale kando ya migomba.