Kiherehere chenye Mizizi Miwili: Kuutambua Wasiwasi wa Mtoto Mwenye ADHD

Neno kiherehere lina maana mbili katika Kiswahili, na zote mbili zinahusu mwili usiotulia. Kwa maana ya kwanza humtaja mtu mwenye papara, anayejitosa katika jambo kabla hajaitwa. Kwa maana ya pili hutaja moyo unaopapatika kwa kuogopa jambo ambalo bado halijafika. Kwa kuziweka hali hizi chini ya neno moja, lugha imekwisha kuugusa ugumu wanaokutana nao wataalamu wa afya ya akili wanapomchunguza mtoto mwenye tatizo la upungufu wa umakini na utukutu uliokithiri, linalofahamika kwa kifupi cha ADHD. Mtoto anayechezesha miguu chini ya dawati, anayetazama dirishani na asiyemaliza zoezi, huenda anasumbuliwa na ubongo ambao breki zake ni dhaifu, na huenda pia anasumbuliwa na woga. Wapo wanaosumbuliwa na vyote viwili, na wasiwasi wa hao ndio unaopita bila kuonekana, kwa kuwa utukutu wao huchukuliwa kuwa umekwisha kueleza kila kitu.

Ugumu huo huchukua sura yake ya pekee katika mji kama Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima, ambayo ilizaliwa kutoka Wilaya ya Bariadi mwaka 2012, wakati Mkoa wa Simiyu ulipomegwa kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga. Watoto wengi wa eneo hilo hulelewa kwa Kisukuma, na Kiswahili hukikuta kwa upana wake darasani. Baada ya masomo huchunga ng'ombe na mbuzi, huteka maji, na msimu wa pamba ukifika husaidia kuchuma. Mazingira hayo huweza kumpoteza mchunguzi, kwa sababu ukimya wa mtoto ambaye bado hajaielewa lugha ya shule hufanana sana na kukosa umakini. Hata hivyo, humpa pia nafasi adimu ya kumtazama mtoto yuleyule mahali pawili pasipofanana, yaani darasani na machungani, na hapo ndipo tofauti kati ya mizizi miwili ya kutotulia, yaani ADHD na wasiwasi, hujitokeza.

Hali mbili, dalili zinazofanana

Mwongozo wa utambuzi uliotolewa mwaka 2013 na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani unaorodhesha dalili 9 za kukosa umakini na dalili 9 za utukutu na papara. Ili mtoto ahesabiwe kuwa na ADHD, anatakiwa awe na dalili zisizopungua 6 katika kundi mojawapo, ziwe zimedumu kwa miezi 6 au zaidi, baadhi ziwe zilianza kabla hajafikisha umri wa miaka 12, na zionekane katika mazingira mawili au zaidi, kwa mfano nyumbani na shuleni. Tafiti zilizokusanywa kutoka mabara mbalimbali hukadiria kwamba tatizo hilo huwapata watoto wapatao 5 katika kila 100. Wavulana hutambuliwa kwa wingi zaidi, kwa sehemu kwa sababu utukutu wao hulisumbua darasa zima, ilhali msichana ambaye akili yake hutangatanga bila kelele huitwa mzembe au msahaulifu, na jambo likaishia hapo.

Wasiwasi, kwa upande wake, ni hofu ya jambo linalotarajiwa. Mtoto anayemwona nyoka njiani akakimbia ameshikwa na hofu ya kawaida, na hofu hiyo humlinda. Lakini mtoto anayeshindwa kulala kwa wiki kadhaa kwa kuwaza kwamba huenda mama yake akafa, au anayetapika kila asubuhi ya siku ya kusoma mbele ya wenzake, amevuka mpaka wa hofu inayolinda na kuingia katika hofu inayozuia maisha. Wataalamu huliita jambo hilo tatizo pale hofu inapouzidi umri wa mtoto, inapodumu, na inapomnyima masomo, usingizi au marafiki.

Hali hizi mbili hukutana mara nyingi kuliko inavyodhaniwa. Katika utafiti mkubwa wa matibabu ya ADHD uliofanyika Marekani na Kanada, ambao matokeo yake yalianza kuchapishwa mwaka 1999, takriban theluthi moja ya watoto 579 walioshiriki walikuwa pia na tatizo la wasiwasi. Karibu na nyumbani, utafiti wa Kilifi, katika pwani ya Kenya, uliohusisha watoto zaidi ya 3,000 wenye umri wa kati ya mwaka 1 na miaka 6 na kuchapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba matatizo ya ndani, kama vile hofu, huzuni na maumivu ya mwili yasiyo na ugonjwa, yalikuwa mengi kuliko yale ya nje, kama vile ukorofi na uchokozi. Wengi wa wanaoumia, kwa hiyo, hawako miongoni mwa wanaopiga kelele.

Jinsi hali moja inavyolisha nyingine

Ili mtoto ajumlishe 7 na 8 kichwani na kubeba kumi, ubongo hutumia kumbukumbu ya kazi, yaani nafasi ndogo ya kushikilia mambo machache kwa muda mfupi huku yakishughulikiwa. Kwa mtoto mwenye ADHD nafasi hiyo huvuja kwa urahisi, kwa sababu sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo hupanga, husubiri na kuzuia, haipati mwongozo imara wa kemikali za dopamini na noradrenalini. Kwa mtoto mwenye wasiwasi nafasi hiyo haivuji, ila imejazwa na mawazo ya hatari, kwa kuwa amigdala, kiungo kidogo ndani ya ubongo kinachopiga mbiu ya hatari, huendelea kupiga mbiu hata pasipo na adui. Nje, mwalimu huona jambo moja tu: mtoto aliulizwa, naye hakujibu.

Hali ya kwanza pia huizaa ya pili. Mtoto mwenye ADHD husahau daftari, huchelewa kuhesabiwa namba asubuhi na huruka maagizo, kisha hukemewa au kuchapwa kwa makosa ambayo hakuyakusudia, na baada ya miaka miwili au mitatu huanza kuitarajia adhabu hata siku ambayo hajakosea. Woga huo hujaza ile nafasi ndogo iliyokuwa ikivuja, usahaulifu ukaongezeka, na adhabu nayo ikaongezeka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu watoto 409 wa shule ya msingi nchini Tanzania ulionyesha kwamba watoto waliopata adhabu kali zaidi za mwili ndio waliokuwa na tabia nyingi zaidi za ukorofi, jambo linalodhoofisha imani ya wengi kwamba fimbo humtuliza mtoto mwenye mapepe.

Njia za kutofautisha

Ishara ya kwanza ni mahali na wakati. ADHD humfuata mtoto kila aendako, lakini wasiwasi huwa na mlango wake wa kuingilia. Mtoto anayepoteza mstari ubaoni, akapoteza pia ndama machungani, akaacha ndoo kisimani na kusahau alichotumwa dukani, anaonyesha sura ya ADHD. Mtoto anayechunga kuanzia saa nane hadi jua kuzama na kuirejesha mifugo yote ikiwa imetimia, lakini anayesambaratika siku ya kusoma kwa sauti au wiki ya mtihani wa darasa la nne, anaonyesha sura ya wasiwasi. Kipimo cha machungani kina uzito kwa sababu uchungaji ni kazi ndefu na ya kuchosha. Mpira au manati havitoshi kuwa kipimo, kwani hata mtoto mwenye ADHD huweza kuzama kwa saa nzima katika jambo linalomsisimua. Pale ambapo mtoto hupoteza ndama machungani na bado utukutu wake huongezeka maradufu kila Jumatatu asubuhi, ndipo inapofaa kudhani kwamba hali zote mbili zipo.

Ishara ya pili ni mwili. Utukutu wa ADHD kwa kawaida hauumi, ilhali wasiwasi hukaa tumboni, kichwani na kifuani: tumbo hukata kabla ya shule na kupoa siku za likizo, viganja hutoka jasho, moyo huenda mbio kwa sababu ya homoni ya adrenalini. Mtoto wa miaka 8 ni nadra kusema kwamba ana wasiwasi. Husema anaumwa, akapelekwa zahanati, akapimwa malaria, na majibu yakarudi kuwa hana.

Ishara ya tatu ni namna anavyokabili kosa. Mwenye ADHD pekee hukimbilia jibu na kuliacha likiwa limekosewa bila kujali sana, lakini mwenye ADHD na wasiwasi kwa pamoja hufuta na kuandika tena hadi karatasi ikatoboka, huuliza mara nyingi kama amefanya sawa, au hukataa kabisa kuanza. Ishara ya nne ni kukwepa: sehemu ya kile ambacho rejista ya mahudhurio hukiita utoro ni mtoto anayekimbia hofu, wala si kazi.

Kabla ya kufikia hitimisho, mambo mengine yanayofanana na hali hizi hupaswa kuondolewa kwanza, kuanzia masikio yanayotoa usaha na macho yasiyoona ubao hadi njaa, ukatili wa nyumbani na historia ya degedege. Katika Kanda ya Ziwa, ambamo Simiyu imo, swali la degedege lina uzito wake, kwani degedege huweza kuletwa na malaria, na watafiti wa Kampala waliowafuatilia watoto waliopona malaria ya ubongo walikuta kwamba takriban mmoja kati ya wanne alikuwa bado na upungufu wa uwezo wa akili, ukiwemo umakini, miaka 2 baada ya kuugua.

Kutoka darasani hadi kliniki

Dodoso la nguvu na matatizo ya mtoto, lililotungwa na daktari Robert Goodman wa Uingereza na kuchapishwa mwaka 1997, lina vipengele 25 na limetafsiriwa kwa Kiswahili. Faida yake hapa ni kwamba utukutu na hofu hupimwa katika safu mbili tofauti, hivyo alama kubwa katika safu moja haiizibi nyingine. Dodoso halitoi hukumu, bali humwonyesha mwalimu wa ushauri na unasihi, afisa ustawi wa jamii au mganga wa kituo cha afya ni mtoto gani apewe rufaa kwenda hospitali ya mkoa mjini Bariadi, na inapobidi, Hospitali ya Bugando jijini Mwanza.

Utambuzi huo hubadili tiba. Utafiti ule wa mwaka 1999 ulibaini kwamba watoto wenye ADHD na wasiwasi kwa pamoja walifaidika na tiba ya tabia, yaani ratiba inayotabirika, maagizo mafupi, sifa za papo hapo na mafunzo kwa wazazi na walimu, kuliko walivyofaidika wale wasio na wasiwasi. Dawa kama methilfenideti husaidia pia, lakini kwa kuwa huweza kuongeza mapigo ya moyo na kupunguza usingizi, daktari anayejua kwamba mtoto ana wasiwasi huanza na kipimo kidogo na kumfuatilia kwa karibu. Dalili za hofu zenyewe hutulizwa kwa kumzoesha mtoto hatua kwa hatua: kusoma sentensi moja mbele ya rafiki mmoja, kisha mbele ya dawati zima, kisha mbele ya darasa.

Mtaalamu wa Bariadi au Mwanza humwona mtoto kwa muda mfupi, tena katika chumba kigeni ambacho karibu kila mtoto hukiogopa. Kwa sababu hiyo, daftari la kurasa chache ambamo mwalimu ameandika kwa wiki mbili siku na saa ambazo mtoto hakutulia, na ambamo mzazi, hata kwa kumsimulia mwalimu, ameongeza yaliyotokea machungani na kitandani, humpa mtaalamu ushahidi ambao chumba chake hakiwezi kuutoa. Ndani ya daftari hilo maana mbili za kiherehere huanza kuachana, moja ikijaza kila siku ya wiki, nyingine ikijirudia katika siku zilezile.