Ukame, Tufani na Lita ya Mafuta Mjini Moshi

Tarehe 29 Agosti 2005 tufani iliyopewa jina la Katrina iliipiga pwani ya kusini ya Marekani. Tarehe 24 Septemba ikafuata nyingine, Rita. Visima vya mafuta vilivyochimbwa baharini katika Ghuba ya Meksiko vilifungwa, na viwanda vingi vya kusafisha mafuta vilivyo kando ya pwani hiyo vikasimama. Bei ya pipa moja la mafuta ghafi ilivuka dola 70 za Marekani kwa mara ya kwanza. Miezi iliyofuata, mvua za vuli zilikosekana katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Msiba wa kwanza ulikuwa wa upepo na maji mengi. Wa pili ulikuwa wa kukosa maji. Mkazi wa Moshi aliyekwenda dukani na dumu lake la mafuta ya taa mwanzoni mwa mwaka 2006 alikuwa akiilipia misiba yote miwili kwa pamoja.

Msiba wa mbali haukuweza kuikosa Moshi, na sababu yake ni rahisi. Iwapo mvua kubwa itaikata barabara ya Rombo kwa siku tatu, ndizi za huko hazitafika katika soko la Mwika. Wachuuzi waliokuwa wakizitegemea watazikimbilia ndizi za Mamba na Marangu, na mkungu wa Mamba utapanda bei ingawa hakuna mgomba hata mmoja wa Mamba ulioanguka. Ndivyo ilivyokuwa kwa mafuta. Marekani ilipopungukiwa, iliagiza petroli na dizeli kutoka nchi nyingine, na meli ambazo zingekwenda kwingine zikageuza njia. Nchi wanachama wa Shirika la Kimataifa la Nishati zilikubaliana kutoa mapipa milioni 60 kutoka katika akiba zao ili kutuliza soko. Tanzania ilikuwa imeachia biashara ya mafuta mikononi mwa makampuni tangu mwaka 2000, na kiwanda chake cha kusafisha mafuta ghafi cha TIPER, Dar es Salaam, hakikuwa kikifanya kazi hiyo tena. Kila lita iliyouzwa nchini ilikuwa imenunuliwa ikiwa tayari imesafishwa, kwa bei ya soko la dunia. Juu ya bei hiyo huongezwa nauli ya meli, gharama za bandari, kodi, na mwisho safari ya lori. Kutoka Dar es Salaam hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 500, na lori linalopandisha dizeli Moshi linachoma dizeli njia nzima.

Msiba wa karibu ulipitia njia isiyoonekana kwa urahisi. Mwaka 2006 mitambo ya nguvu za maji iliyounganishwa na gridi ya taifa ilikuwa na uwezo wa megawati 561: Kidatu 204, Kihansi 180, Mtera 80, New Pangani Falls 68, Hale 21 na Nyumba ya Mungu 8. Hesabu hiyo ni ya karatasini, wakati mabwawa yamejaa. Vuli ilipokosekana, maji ya Mtera yalishuka chini ya mita 690 juu ya usawa wa bahari, kiwango cha chini kabisa kilichowekwa kwa uendeshaji wa kawaida. Mgawo wa umeme ukaingia nchi nzima. Mwenye kiwanda, mwenye hoteli, mwenye mashine ya kusaga na mwenye bucha wakatafuta jenereta, na kila jenereta ilidai dizeli au petroli wakati ule ule ambapo bidhaa hizo zilikuwa ghali.

Mwanafunzi wa fizikia anaweza kupima ukubwa wa badiliko hilo kwa kalamu na karatasi. Katika mtambo wa New Pangani Falls maji huanguka kiasi cha mita 170. Mita moja ya ujazo ya maji, yaani lita 1,000, ina tungamo la kilo 1,000. Ikizidishwa kwa mvutano wa dunia 9.8 na kwa mita 170, hutoa juli 1,666,000. Mtambo ukiwa na ufanisi wa asilimia 90, zinapatikana kilowati-saa 0.4 na kidogo zaidi. Lita moja ya dizeli ina megajuli 36 hivi, sawa na kilowati-saa 10, lakini jenereta ndogo hugeuza kuwa umeme robo tu ya nishati hiyo, au zaidi kidogo. Sehemu kubwa hutoka kama joto na kelele. Kwa hiyo lita moja ya dizeli katika jenereta ya dukani hufanya kazi ya lita 6,000 hadi 7,000 za maji ya mto Pangani. Maji hayo hayakupita bandarini wala hayakulipiwa kwa fedha za kigeni. Yalitoka, kwa sehemu kubwa, katika miteremko ya Kilimanjaro na Meru, yakaingia Nyumba ya Mungu kwa mito ya Kikuletwa na Ruvu, yakazungusha mitambo mara moja hapo, mara ya pili Hale na mara ya tatu Pangani.

Umeme unapokatika watu hulalamika kwa sauti. Jikoni mambo huwa kimya zaidi, na huko ndiko athari hudumu.

Mwaka ule familia nyingi za mjini zilipikia mafuta ya taa au mkaa, na baadhi gesi ya mitungi. (Gesi hii ya mitungi, ambayo ni mchanganyiko wa propani na butani, isichanganywe na gesi asilia ya Songo Songo iliyoanza kufua umeme Ubungo mwaka 2004. Ya mitungi huletwa kwa meli kutoka nje, na bei yake hupanda na kushuka pamoja na mafuta mengine.) Bei ya mafuta ya taa inapopanda, mama wa nyumbani haachi kupika. Anahamia kwenye mkaa. Badiliko hilo linaonekana dogo, lakini hesabu yake ni ya kutisha.

Lita moja ya mafuta ya taa hubeba megajuli 35 hivi. Jiko la utambi hufikisha kwenye sufuria kiasi cha asilimia 40, yaani megajuli 14. Kilo moja ya mkaa hubeba megajuli 29, na jiko la kawaida la bati hufikisha asilimia 22 hivi. Ili kupata megajuli zile zile 14, zinahitajika kilo 2.2 za mkaa. Mpaka hapa mnunuzi haoni ajabu yoyote. Kopo mbili tatu za mkaa zinatosha. Ajabu iko porini. Tanuri la udongo, linalofukiwa na kuachwa liungue polepole, hutoa kwa kawaida kilo 10 hadi 20 za mkaa kwa kila kilo 100 za kuni. Kwa wastani wa asilimia 15, kilo 2.2 za mkaa zimekula kilo 15 za kuni. Hivyo kila lita ya mafuta ya taa iliyoachwa dukani huangusha mahali fulani mzigo wa kuni unaokaribia ule anaobeba mwanamke kichwani kutoka msituni. Mnunuzi hauoni mzigo huo, wala haulipii kwa bei yake halisi.

Tukio hili lilijirudia kwa sura nyingine mwaka 2011. Ukame ulirudi, mgawo wa umeme ukarudi, na mwaka huo huo ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa sana ili kukomesha uchakachuaji, ule mchezo wa kuchanganya mafuta ya taa na dizeli. Agosti 2011 EWURA ilishusha bei kikomo, na baadhi ya wauzaji wakazuia mafuta. Foleni zikapangana vituoni kwa siku kadhaa. Uchakachuaji ulikuwa tatizo la kweli lililoharibu injini nyingi. Lakini dawa yake ilimkuta mpishi ambaye hakuwahi kuchakachua chochote, nayo ikamsukuma kwenye mkaa.

Kuni hizo hutoka wapi? Katika miteremko ya Kilimanjaro jibu hubadilika kwa mwinuko. Kwenye vihamba, kati ya mita 1,000 na 1,800 hivi, familia hukata matawi ya mgrevilea na mringaringa, hupogoa kahawa, na hutumia hata magome makavu ya migomba kuwashia moto. Kihamba kilichotunzwa vizuri hulisha jiko lake kwa sehemu kubwa, na ni kosa kumhesabu kila mpika kwa kuni kuwa mharibifu wa msitu. Juu ya vihamba upo Ukanda wa Nusu Maili, uliotengwa mwaka 1941 ili wanavijiji wapate kuni na mbao bila kuugusa msitu wenyewe. Mwaka 2005, mwaka ule ule wa tufani na wa vuli iliyokosekana, hifadhi ya msitu iliingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na masharti ya kuingia yakawa makali zaidi. Sababu ilikuwepo: uchunguzi uliofanywa kutoka angani mwaka 2001 ulikuta miti iliyokatwa kwa siri na matanuri ya mkaa ndani ya msitu. Hata hivyo kwa mwanamke wa kijiji cha juu, msitu ulizidi kuwa mgumu kuufikia mwaka ambao mafuta ya taa nayo yalikuwa yakipanda.

Watu wengi, na baadhi ya vitabu vya shule, huamini kwamba mito ya Kilimanjaro hutoka kwenye theluji ya Kibo. Barafu ya kileleni huchangia kidogo mno. Mvua kubwa ya mlima hunyesha ndani ya msitu: upande wa kusini, kwenye mwinuko wa mita 2,200 hivi, hufikia milimita 2,500 au zaidi kwa mwaka, wakati Moshi mjini hupata chini ya nusu ya hizo. Juu zaidi, kwenye ukanda wa ukungu, majani madogo ya miti ya jamii ya erika na kuvumwani zilizofunika matawi hunasa matone ya ukungu ambayo yangepita na upepo, nayo hudondoka chini na kuingia ardhini. Erika ikiungua, ukungu hupita tu. Mwanaikolojia Andreas Hemp, aliyefanya utafiti Kilimanjaro kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba moto wa tangu mwaka 1976 umeushusha mpaka wa juu wa msitu kwa mamia ya mita, na kwamba hasara ya maji inayotokana na moto huo ni kubwa kuliko ile ya kuyeyuka kwa barafu. Moto mkubwa uliwaka tena Oktoba 2020 na Oktoba 2022, miezi ya kiangazi.

Mnyororo unajifunga hapo. Ukame hupunguza maji ya mitambo na kuongeza haja ya mafuta. Mafuta yakipanda, jiko hudai kuni. Na mti unaoangushwa katika msitu wa juu ni sehemu ya chombo kinachokusanya maji ya mwaka ujao. Vuli ya 2006 ilileta mafuriko, mabwawa yakajaa na mgawo ukaisha. Mti wa msituni haurudi kwa vuli moja.

Tangu wakati huo gridi imebadilika. Gesi asilia ya Songo Songo na Mtwara hufua sehemu kubwa ya umeme, na Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lilianza kuzalisha mwaka 2024. Jiko limebadilika kidogo zaidi. Kuni na mkaa bado ndiyo nishati ya kupikia ya kaya nyingi za Tanzania, na mtungi wa gesi, ingawa umeenea sana mijini, bado huletwa kwa meli.

Njia moja iliyojaribiwa katika kanda hii tangu miaka ya 1980, hasa na kituo cha CAMARTEC cha Arusha, ni gesi ya samadi. Ng'ombe wawili wanaofugwa zizini, kama ilivyo desturi uchaggani, hutoa samadi ya kutosha kupata mita ya ujazo 1.2 hadi 1.5 za gesi kwa siku. Mita moja ya ujazo ina megajuli 21 hivi, na nusu yake hufika kwenye sufuria. Jumla yake ni karibu megajuli 14, yaani lita ile ile moja ya mafuta ya taa, kila siku, bila lori. Masalio yake hurudi kwenye migomba yakiwa bado na naitrojeni. Lakini mtambo huo unadai maji karibu sawa na samadi, gharama ya kuujenga ni kubwa kwa mkulima mdogo, na katika vijiji vya juu baridi huwazubaisha bakteria. Zaidi ya hayo, sehemu ya majani ya ng'ombe wa kihambani hupandishwa kutoka tambarare kwa gari la dizeli. Mwaka wa ukame majani huwa mbali zaidi na gari huwa ghali zaidi, kwa hiyo hata zizi halijakwepa kabisa bei ya pipa.

Shule yenye mizani na kipimajoto inaweza kuzihakiki hesabu hizi yenyewe. Chukua lita moja ya maji na sufuria ile ile kwa kila jaribio. Pima uzito wa kuni, mkaa au chupa ya mafuta kabla ya kuwasha, chemsha, kisha zima na pima tena. Nishati iliyoingia katika maji ni 4.2 ikizidishwa kwa nyuzijoto zilizopanda, jibu likiwa katika kilojuli. Ligawe kwa nishati ya fueli iliyoungua, na ufanisi wa jiko utapatikana. Jaribu mafiga matatu hadharani penye upepo, kisha mafiga hayo hayo yaliyozungushiwa udongo. Maji yatachemka kwenye nyuzi 97 hivi Moshi mjini na 95 hivi Marangu, kwa kuwa mgandamizo wa hewa hupungua kadiri mtu anavyopanda mlima. Tofauti hiyo iingizwe katika hesabu kabla ya shule mbili kulinganisha majibu yao.