Kwa Nini Nzi Hurudi Baada ya Kupuliza Dawa

Familia nyingi hupuliza dawa jikoni asubuhi, zikafagia nzi waliokufa, na jioni zikakuta wengine juu ya sufuria. Si kwamba dawa ni mbovu. Iliua nzi waliokomaa tu. Funza walikuwa nje, ndani ya samadi na taka, ambako dawa haikufika.

Nzi jike hutaga mayai 100 au zaidi kwa mara moja, na hutaga mara kadhaa maishani. Hutafuta mahali penye unyevu: samadi mbichi, kinyesi cha kuku, maganda ya maembe, mabaki ya ugali. Mayai huanguliwa ndani ya siku moja hivi yakawa funza. Wakishiba, funza hutambaa hadi mahali pakavu na kuwa pupa, kisha nzi. Wakati wa joto, yote hayo huweza kumalizika kwa siku 7 hadi 10. Ndiyo maana taka ziondolewe mara mbili kwa wiki. Zikikaa wiki mbili, zimeshatoa kizazi kipya.

Nzi hana meno. Akitua kwenye chakula kigumu hukitemea mate na kukitapikia ili kilainike, ndipo afyonze. Kama ametoka chooni, anaweza kuacha hapo viini vya kuhara, kipindupindu au homa ya matumbo. Anayeumia kwanza ni mtoto mdogo aliyeachiwa uji bila kifuniko, kwa kuwa kuhara humpunguzia maji mwilini upesi. Mtoto akianza kuhara apewe ORS na apelekwe kituo cha afya bila kungoja kesho.

Mwenye ng'ombe au kuku aitandaze samadi nyembamba juani ikauke, au airundike na kuifunika kwa karatasi ya nailoni iliyobana, joto liwaue funza.

Choo cha shimo cha kawaida kifunikwe tundu. Chenye bomba la hewa ni tofauti: tundu huachwa wazi ili hewa ipite, na ndani pawe na giza. Nzi walio shimoni hufuata mwanga wa bombani, wakakwama kwenye wavu wa juu na kufa. Wavu huo ukitoboka, wanatoka wote, kwa hiyo ukaguliwe kila baada ya miezi michache. Kipande cha wavu kipya ni nafuu kuliko mikebe ya dawa.