Unaposema Richmond, Unasema Ipi?

Mtajie Richmond Mtanzania aliyekuwa akifuatilia habari mwaka 2008, atakumbuka umeme kabla ya kukumbuka mji wowote: kampuni iliyopewa mkataba wa mitambo ya dharura ya megawati 100 mwaka 2006, Kamati Teule ya Bunge chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akijiuzulu mwezi Februari. Mtajie Mmarekani anayeijua historia ya kwao, atakumbuka makao makuu ya majimbo ya kusini yaliyojitenga mwaka 1861. Mkazi wa Melbourne ataanza kukusimulia habari za timu yenye jezi nyeusi na njano. Mwingereza yeye atakujibu kwa swali: ipi, ya Yorkshire au ya London?

Swali hilo ndilo la maana, na tunaochunguza majina ya mahali hulirudia kila siku. Richmond ziko Uingereza, Marekani, Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini, na katika baadhi ya nchi hizo kuna zaidi ya moja. Lakini hazikuzuka kiholela. Jina la mahali halihami lenyewe; hubebwa na mtu. Kwa Richmond, wabebaji wakuu walikuwa wa aina mbili: mwenye kukumbuka kwao, na mwenye cheo. Ukimjua mbebaji, umeijua Richmond iliyo mbele yako.

Ngome ya Yorkshire

Habari inaanzia kaskazini mwa Uingereza, juu ya Mto Swale. Baada ya William wa Normandy kuiteka Uingereza mwaka 1066, mfuasi wake mmoja kutoka Brittany, Alan Rufus, alipewa ardhi kubwa Yorkshire, na katika miaka ya 1070 akaanza kujenga ngome kwenye jabali lililoinamia mto huo. Ngome ikaitwa Richmond, jina la Kifaransa linalotaja kilima, ambalo huko Normandy lilikwisha kutumika kwa umbo la Richemont. Kwa hiyo hata hii ambayo Waingereza huihesabu kuwa ya kwanza ilirithi jina kutoka ng'ambo ya bahari. Kuta zake zingali zimesimama, na mnara wake mkubwa una urefu wa mita 30 hivi.

Kilichofuata ndicho ufunguo wa mambo yote. Ngome iliambatana na mashamba na vijiji vingi, na aliyemiliki milki hiyo akawa na cheo cha kikabaila: Earl wa Richmond. Ngome haibebeki, lakini cheo hurithiwa, huozwa, hunyang'anywa na kutolewa tena, na mwenye nacho anaweza kuishi popote.

Kwa muda mrefu cheo hicho kilidaiwa na watawala wa Brittany. Ndiyo maana katika historia ya Ufaransa yumo jemadari maarufu aitwaye Arthur de Richemont. Alipigana upande wa Joan wa Arc katika vita vya Patay mwaka 1429, na mwaka 1450 alisaidia kuwashinda Waingereza huko Formigny, pigo lililowaondoa Normandy. Mmoja wa watu waliowafukuza Waingereza Ufaransa alijulikana kwa jina la mji wa Yorkshire.

Mfalme anahamisha jina

Mwaka 1452 cheo hicho kilipewa Edmund Tudor, na kwake kikamfikia mwanawe Henry, aliyetwaa taji mwaka 1485 akawa Mfalme Henry VII. Mfalme huyo alikuwa na kasri mahali paitwapo Sheen, kando ya Mto Thames, juu kidogo ya London. Mwishoni mwa mwaka 1497, wakati wa Krismasi, kasri likaungua. Akalijenga upya, na kufikia mwaka 1501 lilikuwa limekwisha kupewa jina jipya: Richmond, kwa heshima ya cheo alichokuwa nacho kabla ya kuwa mfalme. Humo ndimo Malkia Elizabeth I alimofariki mwaka 1603.

Hapa wengi huteleza. Richmond ya London haikuitwa hivyo kwa sababu wenyeji wa Yorkshire walihamia huko, wala kwa sababu mahali pawili hapo panafanana. Kati ya miji hiyo kuna zaidi ya kilomita 300. Kiunganishi ni cheo cha mtu mmoja. Na kuanzia hapo jina lina mashina mawili, kila moja likizaa kivyake.

Mto unaopinda

Shina la London lilizaa kwa njia ya macho. Ukisimama juu ya Richmond Hill, unaona Thames ikipinda taratibu katikati ya malisho na miti. Waingereza waliithamini mandhari hiyo kiasi cha kuitungia sheria ya Bunge mwaka 1902, ili maeneo yake ya wazi yasijengwe.

Mwaka 1737, William Byrd II, tajiri wa Virginia aliyesomea Uingereza, alipimisha viwanja vya mji mpya kando ya Mto James. Alipoutazama mto kutoka kilimani, upindaji wake ukamkumbusha Thames, akauita mji huo Richmond. Mahali panapohusishwa na kumbukumbu hiyo pamekuwa bustani ya umma, Libby Hill, na wageni hupelekwa huko kuiona mandhari iliyoupa mji jina. Ukiweka picha za vilima hivi viwili pamoja, utaona Byrd hakutia chumvi: mto unakuja, unakunja kiwiko, unapotelea kwenye miti.

Mji wa Byrd ukawa makao makuu ya Virginia mwaka 1780, na kuanzia 1861 hadi 1865 makao makuu ya wale waliopigania utumwa uendelee. Ni mji huohuo ambako Maggie Lena Walker, binti wa mwanamke aliyekuwa mtumwa, alifungua benki mwaka 1903, na ambako bingwa wa tenisi Arthur Ashe alizaliwa mwaka 1943.

Jina lilifika mbali zaidi. Mwaka 1810 gavana Lachlan Macquarie aliupa jina hilo mji mmoja wa New South Wales, Australia. Huko Tasmania Richmond nyingine inajulikana kwa daraja la mawe lililojengwa na wafungwa kati ya 1823 na 1825, ambalo magari hulipita hadi leo. New Zealand nayo ina Richmond yake karibu na Nelson.

Vyeo vinazaa wilaya

Shina la pili, la vyeo, ndilo lenye kuchanganya zaidi. Mwaka 1675 Mfalme Charles II alimpa mwanawe wa nje ya ndoa, Charles Lennox, cheo cha Duke wa Richmond. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka mitatu. Mwaka 1683, alipokuwa na miaka 11, jina lake lilipewa wilaya ya Richmond katika koloni la New York, ambayo ni kisiwa cha Staten Island. Hadi mwaka 1975 hilo ndilo lililokuwa jina rasmi la sehemu hiyo ya Jiji la New York, na kama wilaya, bado ni Richmond.

Duke wa tatu aliwatetea walowezi wa Marekani bungeni Uingereza walipoasi. Wakamshukuru kwa njia waliyoiweza: Georgia ikawa na wilaya ya Richmond mwaka 1777, na North Carolina ikafuata mwaka 1779. Duke wa nne alitumwa kuwa gavana mkuu wa makoloni ya Kanada. Mwaka 1819 aling'atwa na mbweha, akapata kichaa cha mbwa, akafa akiwa safarini karibu na kijiji kilichokuwa kimepewa jina lake, si mbali na mahali ilipo Ottawa sasa. Mkwewe, Peregrine Maitland, baadaye akawa gavana wa Rasi ya Tumaini Jema, na mji mmoja wa Karoo, Afrika Kusini, ukaitwa Richmond kwa heshima ya baba mkwe. Ukoo wenyewe makao yake ni Goodwood, Sussex, pwani ya kusini, mbali na Yorkshire na hata na Thames.

Virginia ndiko mashina yanakopigana vikumbo. Kuna jiji la Richmond na kuna wilaya ya Richmond, na jiji halimo katika wilaya. Wilaya iliundwa mwaka 1692, miaka 45 kabla ya Byrd kupima viwanja vyake, na iko zaidi ya kilomita 70 kutoka jijini. Makao makuu yake ni mji mdogo uitwao Warsaw, jina la mji mkuu wa Poland. Mtafiti wa nasaba akiona “alizaliwa Richmond, Virginia” katika hati ya zamani, asiharakishe kwenda kwenye kumbukumbu za jiji.

Na usitegemee jina hili la kilima likueleze ardhi. Richmond ya British Columbia, Kanada, imelala juu ya visiwa tambarare kwenye mlango wa Mto Fraser, wastani wa mita moja hivi juu ya usawa wa bahari, ikilindwa na matuta yasipite maji. Uwanja wa ndege wa Vancouver umo humo, na zaidi ya nusu ya wakazi wana asili ya Kichina.

Jina linapokuwa la mtu

Mahali huwapa watu majina pia, na hapo mambo huzidi kukolea. Bill Richmond alizaliwa mtumwa mwaka 1763 katika kisiwa kilekile cha Staten Island. Wakati wa vita vya uhuru wa Marekani, ofisa wa Kiingereza, Hugh Percy, alimchukua na kumpeleka Uingereza. Huko akasomeshwa Yorkshire, akajifunza useremala wa samani mjini York, kisha akawa bondia mashuhuri wa London. Mwaka 1805 alipigana na Tom Cribb, na mwaka 1821 alikuwa miongoni mwa mabondia waliolinda mlango katika sherehe za kutawazwa kwa Mfalme George IV.

Mtu mweusi aitwaye Richmond, kutoka wilaya ya Richmond, akikulia katika jimbo lenye ngome ya Richmond: asiyejua angesema jina lake lilitoka Yorkshire. Ndiyo sababu jina la ukoo, kama la mpiga ngoma wa jazi Dannie Richmond au mchezaji wa kikapu Mitch Richmond, halitoshi kuwa ushahidi wa chimbuko la mtu. Linaweza kuwa limetoka kwa babu aliyehama mji fulani, kwa bwana aliyemiliki watumwa, au kwa karani aliyeandika alichosikia. Na jina likishaandikwa kwenye bango la kampuni, huenda lisiwe na uhusiano na mji wowote.

Kuzitenganisha

Gharama ya kuchanganya si ndogo. Reli ya abiria ya Richmond ya Yorkshire ilifungwa mwaka 1969, hivyo leo ukikata tiketi ya treni ya Richmond nchini Uingereza utashukia London. Jina la jimbo la uchaguzi la kaskazini liliongezwa neno la Yorkshire, ili lisichanganywe na la London. Jimbo hilo la Yorkshire ndilo lililompeleka bungeni mwaka 2015 Rishi Sunak, waziri mkuu wa baadaye, ambaye baba yake alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika.

Wataalamu hutumia kinga tatu. Ya kwanza ni kutaja ngazi ya juu: Richmond, Northern Cape, na si Richmond, Afrika Kusini, kwa kuwa KwaZulu-Natal nako kuna Richmond. Ya pili ni latitudo na longitudo, ambazo mahali pawili hapawezi kuzishiriki. Ya tatu ni namba ya utambulisho katika kanzidata, inayobaki ileile hata mji ukibadilishwa jina. Programu za kompyuta zinazosoma maandishi na kuyaweka kwenye ramani mara nyingi huupendelea mji wenye watu wengi, kwa hiyo bila kinga hizi barua iliyoandikwa Yorkshire inaweza kupachikwa Virginia.

Msomaji wa kawaida naye ana kinga rahisi: tarehe. Hati ya mwaka 1490 ikitaja Richmond, London imetoka, kwa sababu wakati huo pale paliitwa Sheen. Hati ya mwaka 1700 ikitaja Richmond, Virginia, inazungumzia wilaya, kwa kuwa jiji lilikuwa halijazaliwa. Baada ya tarehe, tazama majirani: mto uliotajwa, mji wa karibu, sarafu iliyotumika. Mara nyingi hayo matatu yanamaliza ubishi.

Tabia hiyo inafaa hata kwetu. Moshi kuna Majengo, Dodoma kuna Majengo, Mombasa na Nairobi pia. Anayejaza cheti cha kuzaliwa au hati ya kiwanja akaandika Majengo tu, leo kila mtu ofisini anamwelewa. Atakayeisoma baada ya miaka 80, akiwa mji mwingine, hatamwelewa. Maneno mawili zaidi, mji na wilaya, yatamwokoa mjukuu wake na safari ya kwenda mahali ambako babu hakuwahi kufika.