Kabla ya Kulikata Gari la Babu

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Nyuma ya nyumba yetu, chini ya mwembe, pana gari la marehemu babu, Volkswagen ya mgongo wa kobe. Injini bado hunguruma tukilisukuma kidogo, lakini bodi imeliwa na kutu na kuku wanatagia kiti cha nyuma. Baba alitaka kuliuza kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Mimi nikamsihi tuligeuze bagi, yaani kigari chepesi kisicho na paa wala milango, cha kukimbizwa mahali pasipo na barabara.

Baba akacheka. "Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Lakini mimi sikupi mpaka unieleze utakata wapi, na kwa nini."

Basi nikaenda kwa mjomba, fundi wa kuchomelea pale jua kali, na vitabu nikasoma. Haya ndiyo niliyomweleza baba.

Kwanza, kwa nini Volkswagen? Injini yake iko nyuma, karibu na magurudumu yanayolisukuma gari. Uzito huo huyakandamiza yasiteleze ovyo kwenye mchanga au matope. Tena injini hupozwa kwa upepo, kwa hivyo hakuna radieta ya kuchemka wala ya kutobolewa na jiwe. Bodi nayo imefungwa kwa bolti juu ya chasisi bapa. Ukizifungua zote, watu wachache wenye nguvu huiinua kama kifuniko cha sufuria. Si ajabu kwamba mwaka wa 1962 gari la aina hii lilishinda mbio za Safari Rally hapa kwetu, likiendeshwa na Tommy Fjastad.

Aliyezitia bagi sifa ni Bruce Meyers, fundi wa mashua wa California, Marekani. Wengine walikuwa wamekwisha kuvua bodi za Volkswagen kabla yake, lakini yeye mwaka wa 1964 aliunda bodi ya faibagilasi, kama ile ya mashua zake, akaiita Meyers Manx. Baadaye aliwauzia watu bodi hiyo waifunge wenyewe juu ya chasisi ya Volkswagen iliyofupishwa kama sentimita 36. Aprili 1967 yeye na Ted Mangels walitoka La Paz hadi Tijuana, nchini Mexico, kwa saa 34 na dakika 45, wakaipita rekodi ya pikipiki kwa zaidi ya saa tano. Novemba mwaka uo huo, Manx iliyoendeshwa na Vic Wilson na Ted Mangels ilishinda mbio za kwanza za Mexican 1000 kwa saa 27 na dakika 38. Ama kweli, wepesi ulishinda nguvu!

Sasa tuje kwenye wembe wenyewe. Chasisi ya Volkswagen ina uti wa mgongo katikati. Ndani yake hupita fimbo ya gia pamoja na kebo za klachi, mafuta na breki ya mkono. Ukiifupisha chasisi, hivyo vyote navyo sharti vitoshee urefu mpya. Ukikata mshazari, magurudumu ya nyuma hayatayafuata ya mbele, na gari litaenda upande kama kaa. Hata moto wa kuchomelea hupinda chuma. Mjomba alinieleza kwamba chasisi hubanwa kwanza ikae sawasawa, kisha huchomelewa kidogo kidogo.

Niliposikia hayo nilibadili nia. Iko njia nyingine, inayoitwa Baja Bug. Hapo chasisi haiguswi. Hukatwa tu sehemu za bodi za mbele na nyuma, na hizo ndizo zilizooza kwetu. Matairi makubwa huingia, na gari huinuka juu ya mawe.

Lakini kuna jambo ambalo halina njia ya mkato, nalo ni kizimba cha vyuma kinachomzunguka dereva gari likibingirika. Mimi nilikuwa nimeokota mabomba ya maji nikadhani nimepata. Mjomba alilichukua moja, akalilaza juu ya jiwe na kulipiga nyundo. Likapasuka kwenye mshono wake pwaa! Akaniuliza, "Hicho kingekuwa kichwa cha nani?" Nilinyamaza. Kizimba hutaka mabomba maalum ya chuma yasiyo na mshono, na kiwe juu kuliko kofia ya dereva. Tena kuna mkanda wa kumfunga mabegani na kiunoni, na mtungi wa kuzimia moto. Bila hivyo, usikimbize bagi hata shambani.

Nilipomaliza, baba hakucheka. Aliuliza swali moja tu: "Hayo mabomba maalum ni pesa ngapi?" Nilipomtajia, akatikisa kichwa.

Wiki iliyofuata wale wa vyuma vikuukuu walikuja na mizani yao. Baba aliwaambia, "Rudini nyingine. Hilo gari lina mwenyewe."

Kwa sasa ninaweka akiba ya mabomba, na kuku wanaendelea kutaga.